Moshi wa Mbarika

10 Machi, Jumatatu. Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda.

Daftari hili nililinunua la kuandikia kazi za wateja. Kuanzia leo ni langu mimi, Otukei, fundi wa injini, miaka sitini na mbili. Kuna jambo siwezi kumwambia mtu, na likikaa ndani litanioza. Masikio yangu yamekufa. La kushoto lilitangulia mwaka juzi, na la kulia sasa linasikia tu kitu kama mtu anayesaga mawe mbali sana. Miaka thelathini na nane ya posho mill, zile mashine za kusaga unga, na malori, hayo ndiyo malipo yake.

Leo mvua ya kwanza imenyesha nikiwa chini ya lori. Niliona maji yakipita kando ya kiwiko changu, nikatoka kwa hasira kumtukana Levis wa gereji ya jirani, nikidhani amemwaga ndoo. Kumbe ni mvua. Mvua kubwa, juu ya mabati yangu mwenyewe, na mimi sina habari.

Hakuna anayejua. Among, mke wangu, hajui. Levis hajui. Na hawatajua, maana fundi asiyesikia injini ataambiwa akae nyumbani afukuze kuku kwenye wimbi lililoanikwa. Baba yangu Ikapel walimkalisha hivyo, akafa mwaka uo huo.

13 Machi

Mvua. Nimeiona.

17 Machi

Among ana tabia mpya. Mteja akiondoka, yeye anakuja kukaa kulia kwangu na kurudia kila kitu mteja alichosema, kwa sauti, kama mtu anayepiga umbea. Uzee unamwingia huyu mama. Nimemwonea huruma, sikumwambia kitu.

19 Machi

Leo limeletwa gari ambalo sijawahi kuona, na mimi nimeona magari. Limekuja juu ya lori dogo, kanta, kutoka Butula, limefunikwa turubai. Tulipofunua, Levis alishika kichwa. Gari dogo hivi kwamba punda angelivuta bila kulalamika. Magurudumu ni membamba, ya spoku kama za baiskeli. Nyuma limechongoka. Paa halina. Viti ni viwili, na cha abiria kimerudishwa nyuma kidogo ili mabega ya watu yasigongane. Juu ya rejeta kuna kibati kimeandikwa Amilcar. Limetengenezwa Ufaransa mwaka 1927, vita vya kwanza vimeisha na vya pili havijaanza, na vijana wa kule walikuwa wanashindana barabarani kwa magari kama haya.

Mwenyewe ni Mama Benedetta, Mmarachi, mjane wa miaka sabini na mitatu. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo wa nasari, kwa hiyo kila neno analifungulia mdomo wote, na mimi ninayesoma midomo nikaona karibu kila kitu. Mungu ambariki kwa huo mdomo.

Baba yake alikuwa dereva wa meneja wa kiwanda cha pamba. Meneja alipohama nchi mwaka sitini na tatu alimwachia gari. Jumapili mzee aliwapeleka watoto wake wawili kanisani, Benedetta na kaka yake Wanyama, wamebanana kiti kimoja, wakipigania upande wa nje wenye upepo. Wanyama ndiye aliyeshinda siku zote. Wakirudi nyumbani mama yao alitoka jikoni mbio akipiga kelele, "Toeni kuku njiani!" Gari lilikuwa limeshamkanyaga jogoo wake wa mbegu, na hakulisamehe hata siku moja.

Mzee alikufa mwaka themanini na nne. Wanyama, aliyekuwa anafanya kazi ya reli Tororo, ng'ambo Uganda, alikuja kuchukua gari, kwa kuwa yeye ndiye mwana wa kiume. Benedetta alilificha nyuma ya mabua ya mtama, akamwambia kaka yake kwamba ameliuza kama chuma chakavu.

"Nilimdanganya na udongo wa kaburi la Baba bado ni mbichi," akaniambia. "Akaapa mguu wake hautakanyaga tena Kenya. Hajakanyaga. Miaka arobaini na moja, mzee."

Sasa Wanyama amepofuka na ini limeoza. Madaktari wamesema hataona mavuno. Benedetta alimtumia salamu kwamba gari lipo, halikuuzwa, anaomba msamaha. Jibu likarudi: Mdomo huo huo uliniambia halipo. Siamini mdomo tena. Nisikilizishe injini ya Baba ndipo uingie kwangu.

"Nilisikia wewe ndiye umebaki wa kuyeyusha madini na kumwaga beringi za zamani, kama baba yako," akasema. "Nisaidie, mzee. Asife akiniita mwongo."

Nikamwambia, Mama, kabla mvua hizi hazijaisha utalisikia likiimba. Nani alisema hivyo? Mimi, kiziwi.

22 Machi

Nimemwaga mafuta ya zamani ya injini. Yametoka kwa shida, mekundu-meusi, mazito kama jemu, yananata vidoleni. Sijui mzee yule alikuwa anatia nini. Nimeyaweka kwenye jerikani, ni mazuri ya kupaka nguzo za ua zisiliwe na mchwa. Nimetia mafuta mapya ya lori. Levis aliniuliza kama sifungui kwanza injini kuosha ndani. Nilimwambia mafuta ni mafuta, mimi nimeanza kazi hii yeye hajazaliwa.

28 Machi

Mvua. Sumaku ya kuwashia plagi imetoa cheche. Nilirukaruka kama mtoto.

2 Aprili

Linet, clearing agent anayepitisha mizigo hapa mpakani, amekuja kuangalia makaratasi ya gari. Makaratasi yenyewe ni kitabu kilicholiwa na panya, cha enzi ya mkoloni. Among alinirudia baadaye: gari hili haliwezi kuvuka kwenda Uganda, hata likibebwa, maana kwa serikali zote mbili halijulikani. Na Wanyama hawezi kuvuka kuja Kenya kwa sababu ya kiapo. Benedetta akasema basi tulipeleke mwisho wetu wa daraja la mpakani, naye aletwe mwisho wao. Mlio hauhitaji pasi.

11 Aprili, Ijumaa

Niandike yote.

Asubuhi injini ilikubali kwa hendeli mara ya tatu. Niliiona ikitetemeka, nikaona moshi, nikaweka mkono kwenye kava nikasikia uhai. Benedetta alikuwepo. Alifunika uso kwa leso akalia, kisha akacheka, kisha akalia tena. Nikachukua bisibisi, ncha kwenye injini, mpini sikioni, jinsi kila fundi anavyosikiliza. Sikusikia chochote, hata yale mawe yangu ya kawaida. Watu walikuwa wananitazama. Nikatikisa kichwa kama daktari, nikasema, "Safi kabisa."

Nikaliendesha kuelekea Amagoro. Upepo usoni, watoto wa shule wanakimbia pembeni, madereva wa foleni ya malori wanatoa simu kupiga picha. Nilijisikia kijana wa miaka ishirini. Nilipopita gereji ya Levis, alitoka akikimbia huku anapunga mikono yote miwili. Nikampungia na mimi. Alikimbia nyuma yangu mbali sana, na mimi nikaona, lo, huyu kijana leo amefurahi kuliko siku zote.

Kwenye mlima injini ilikwama. Magurudumu ya nyuma yaligoma papo hapo, nusura niingie mtaroni.

Levis alifika anahema, mikono magotini. Nikamtazama mdomo.

"Mzee, si nilikuambia simamisha! Ilikuwa inagonga kama nyundo! Tangu tu hapo kwako! Kwani hukusikia?"

"Nilisikia," nikasema. "Nilitaka kuona itafika wapi."

Alikwenda nyuma ya gari akaanza kusukuma. Tukalisukuma hadi gereji, mvua ikitupiga, hakuna aliyesema neno. Au walisema. Nitajuaje?

12 Aprili

Nimefungua injini. Beringi zake za madini meupe zimeyeyuka zote, zimetiririka kama mshumaa. Utando wa mafuta yale ya zamani ulikuwa umeganda ndani miaka yote hii. Mafuta yangu mapya yameubandua, vipande vimekwenda kuziba njia, na injini ikakimbia kavu. Kama ningeosha ndani isingetokea. Kama ningesikia ilipoanza kugonga, ningezima na ingepona. Ni mimi mara mbili.

13 Aprili

Nilimwambia Benedetta ni uzee wa chuma. Alinishika mkono akaniambia nisijilaumu. Jamani.

20 Aprili, Pasaka

Benedetta ametuletea simsim ya kusaga. Nimekataa kula, nikasema tumbo. Mvua siku nzima.

24 Aprili

Wanyama amelazwa tena Tororo. Benedetta anasema, "Fundi, unafika wapi?" Nasema nafika. Sijafika popote. Madini meupe hayauzwi tena Malaba wala Busia wala Bungoma. Nimeuliza hadi nimechoka, na kuuliza kwenyewe ni kazi, maana lazima nimkodolee macho kila mtu kama polisi.

29 Aprili

Nimekwenda Chakol kwa posho mill zilizokufa. Mmiliki mmoja, mzee Eriaku, amenipa beringi mbili za mashine aliyofungiwa na marehemu baba yangu. Alama ya baba bado ipo, vipigo vitatu vya tindo. Nikarudi nimezikumbatia; nitaziyeyusha nipate madini.

3 Mei

Nimemwaga. Konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inapashwa moto kwanza, inapakwa bati, kisha unamwaga mara moja bila kusita. Baba alipima moto kwa kijiti cha mti: kikigeuka kahawia bila kushika moto, mwaga. Changu kilishika moto. Imetoka na vitundu.

6 Mei

Nimemwaga tena. Imepasuka.

7 Mei

Siwezi kula. Among ananitazama tu. Leo alitaka kusema kitu, akafunga mdomo, akaenda kupepeta mahindi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga, na mimi sisikii la mkuu wala la mdogo. Nikishindwa hii, yule mzee atakufa akimwita dada yake mwongo, na atakuwa amekufa hivyo kwa sababu ya kiburi changu. Namwomba Mungu anipe masikio siku moja tu, kisha achukue na macho akitaka.

12 Mei

Madini yaliyobaki yanatosha mara moja. Nilisubiri mvua iache, maana unyevu unaharibu. Kijiti kikageuka kahawia, kahawia tu, kama mkate. Nikamwaga. Imeshika! Zote nne zimeshika, laini kama sabuni. Nilikaa chini kwenye matope.

13 hadi 22 Mei

Kuparua beringi. Unapaka rangi, unafunga, unazungusha, unafungua, unaparua palipoguswa. Siku kumi. Mgongo umekwisha.

25 Mei

Jambo nimeligundua leo, na ni kwa bahati. Mikono ilikuwa imejaa, nikauma bisibisi kwa meno, ncha yake ikagusa injini ikizunguka. Mama yangu! Nilisikia! Si kwa sikio. Kwa meno, kwa mifupa ya uso, hadi kwenye fuvu. Kila pistoni peke yake, moja, tatu, nne, mbili. Hakuna kinachogonga. Niliuma bisibisi ile hadi jino likauma, machozi yananitoka, Levis akichungulia kwenye ua.

Ekzosi ilikuwa imetoboka kama chujio. Nimeitoa, nikachomelea sailensa ya Probox, mpya kabisa, ili mlio wa gari la baba yao uende kwa heshima.

1 Juni, Jumapili

Wanyama ametoka hospitali. Wamesema arudishwe nyumbani. Sote tunajua maana yake.

8 Juni, Jumapili

Tulilisukuma gari hadi mwisho wetu wa daraja. Afisa mmoja alicheka akatupa dakika kumi. Ng'ambo, mwisho wa pili, niliona bodaboda, na juu yake mzee aliyefungiwa kwa shuka na dereva ili asianguke. Yvonne, mjukuu wake, alimshikilia kwa nyuma na simu mkononi. Benedetta alisimama kando yangu na simu yake.

Benedetta aliwaendea madereva mmoja mmoja akawaomba wazime. Wakazima. Foleni nzima ya malori ilizima injini kwa ajili ya yule mama. Niliona moshi ukikatika bomba moja baada ya jingine hadi mbali. Sijawahi kuona kitu kama hicho Malaba.

Nikapiga hendeli. Ikashika mara moja. Nikaingia kwenye kiti, nikauma bisibisi yangu, na injini ilikuwa tamu. Nikamwona Benedetta anasikiliza simu. Nikamwona anaanza kulia. Nikasema moyoni, imefika! Nikakanyaga mafuta zaidi. Nikamwinulia kidole gumba. Alinitazama, mdomo wazi, na mimi nikacheka kwa furaha nikakanyaga tena, na tena, nikapunga mkono kwa mzee ng'ambo. Levis alikuwa ameshusha kofia usoni. Mimi nikaona labda ni jua.

Ndipo Among akaja akaweka mkono wake juu ya wangu na kuzima swichi.

Ng'ambo, bodaboda ilikuwa imeshageuka.

9 Juni

Among amenirudia maneno, kama kawaida yake. Wanyama alisema kwenye simu: "Hiyo ni Probox. Umekodi Probox kuja kunidanganya tena, Benedetta, na mimi nakufa." Halafu akasema arudishwe nyumbani. Na mimi wakati huo nacheka na kupunga mkono kama bwana harusi.

Sailensa ile. Gari la baba yao lilinguruma kwa ekzosi iliyotoboka tangu wao ni watoto, na mimi nimelinyamazisha kwa heshima zangu. Mtu mwenye masikio angejua.

Nikamwambia Among, "Sisikii."

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi ya mwaka juzi. Kwaya ilipoimba uliendelea kuongea." Akakaa kulia kwangu, pale anapokaa siku zote, akauelekeza uso wake kwangu. "Baba Ajiko, unafikiri mimi narudia maneno ya wateja kwa sababu gani? Napenda umbea hivyo?"

Nilimwonea huruma kwa uzee, mimi mpumbavu. Miezi yote hii huyu mama amekuwa masikio yangu, na mimi namwona amezeeka.

10 Juni

Nimemwambia Benedetta kila kitu. Mafuta, kugonga kwa injini, uzee wa chuma, sailensa. Hakupiga kelele, niliona. Alinisogelea ili nisikose hata neno.

"Mimi nilidanganya mara moja, miaka arobaini na moja iliyopita, na bado nalipa. Wewe umenidanganya kila siku tangu Machi. Na nilikuletea simsim."

Nikamwambia nisamehe, Mama. Akasema hajui kama anaweza. Akaenda.

13 Juni

Mvua. Levis amefunga ile ekzosi ya zamani, na amerekodi mlio kwenye simu yake, wa kweli sasa. Benedetta akautuma. Wanyama akajibu kupitia Yvonne: simu inaweza kutoa hata sauti ya simba. Daraja hawezi tena, hainuki kitandani.

14 Juni

Benedetta alipeleka usukani mwenyewe hadi langoni kwa kaka yake. Wakampelekea Wanyama ndani, akaupapasa. Akasema, "Usukani anaweza kuwa aliubakiza alipouza gari." Akaurudisha. Lango halikufunguliwa.

16 Juni

Benedetta amekuja kuchukua gari lake. Sikumlaumu. Levis alikwenda kutafuta kanta. Mvua ilikuwa kubwa, kwa hiyo Benedetta alisimama chini ya mabati yangu bila kunitazama. Pembeni yake kulikuwa na ile jerikani ya mafuta ya zamani, nilikuwa nimeanza kuyapaka nguzo. Nilimwona ameinua pua. Akainama. Akafungua kifuniko, akanusa, akakaa juu ya tairi.

"Mbarika," akasema. "Baba alikuwa anakamua mbarika. Gari lilikula mafuta ya mbarika tu. Kanisa zima lilikuwa linajua tumefika kwa moshi wake, kabla hatujaonekana."

Nikachovya kidole nikaonja, nikatema. Mbarika kweli. Mafuta yale niliyoyaita jemu yalikuwa ndiyo roho ya injini ile, na mimi nimeyamwaga siku za kwanza na kuyapaka nguzo.

Benedetta akanishika mkono wa ovaroli. Sasa alinitazama.

"Usukani unaweza kubaki baada ya gari kuuzwa," akasema polepole. "Lakini moshi hautunzwi miaka arobaini, au vipi, fundi?"

17 Juni

Tunaokota mbarika kando ya reli, mimi, Among na Benedetta, matope magotini. Tumemfukuza mwenye kanta.

18 Juni

Among amekaanga mbegu, ametwanga, amechemsha, anaengua mafuta kwa kijiko. Chupa moja na nusu. Kuku wamefungiwa, maana makapi ya mbarika ni sumu. Mimi na Levis tumeifungua injini yote, tumeosha kila njia kwa petroli na waya. Safari hii sikumwambia mafuta ni mafuta. Yvonne amepiga simu: babu ameacha kunywa maji.

19 Juni

Chupa mbili na nusu. Haitoshi. Tumerudi relini. Mvua. Benedetta ameteleza akaumia mkono na amekataa kurudi.

20 Juni, Ijumaa

Tumetia. Nimepiga hendeli. Moshi ukatoka mweupe mpole, ukaingia puani, na kweli hakuna harufu nyingine kama ile, ni kama mtu anakaanga kitu kitamu kwenye nyumba inayoungua. Dereva mmoja wa lori alishuka kuuliza kinapikwa nini. Nimeuma bisibisi: injini iko sawa. Among na Benedetta wameshika blanketi nyuma ya ekzosi, kila mmoja ncha mbili, nusu saa nzima, wanakohoa, macho mekundu. Kisha wakalikunja haraka, tukalitia kwenye ndoo yenye kifuniko, tukabana.

Benedetta akapanda bodaboda na ndoo mapajani. Hakuna sheria ya kuzuia blanketi. Mvua ilianza kabla hajafika darajani.

21 Juni

Hakuna habari.

22 Juni, Jumapili

Hakuna habari. Sikwenda kanisani. Nimekaa kwenye gari, kile kiti cha abiria kilichorudi nyuma.

23 Juni

Simu ya Among inaita, naiona ikitetemeka mezani, lakini ni watu wengine tu.

27 Juni, Ijumaa

Benedetta amerudi. Nimempa daftari na kalamu, nikamwomba aandike yeye, maana akisema nitaona nusu, na hii nataka yote.

*Mzee Otukei, naandika.*

*Nilifika nikakaa kwenye jiwe nje ya lango. Yvonne akachukua ndoo. Wanyama alikuwa amegeukia ukuta, siku mbili hajasema. Yvonne akafungua kifuniko karibu naye, akamwekea blanketi kifuani. Anasema kwanza alilipapasa. Halafu akalishika kwa mikono miwili akajifunika uso, na tumbo likawa linapanda na kushuka.*

*Mimi nje nikasikia sauti. Haikuwa ya mgonjwa. Alipiga kelele kama Mama alivyokuwa akipiga, vile vile: "Toeni kuku njiani! Toeni kuku!" Yvonne akamwambia, babu, hapa hatuna kuku. Akasema, "Si mnasikia harufu? Baba anaingia. Toeni kuku."*

*Kisha akauliza ni nani aliye langoni. Yvonne akamwambia ni Benedetta. Akavuta tena blanketi usoni. Nilikuwa nimeshikilia lango kwa mikono yote miwili, mzee, nikisema basi, amekataa. Ndipo akasema, "Mwambie aingie. Mwambie leo upande wa nje ni wake."*

*Nikaingia. Nilikaa kitandani, upande wa nje, siku sita. Hatukuongea habari ya gari. Amefariki jana asubuhi na blanketi lile. Tutamzika Jumatatu.*

*Simsim nitakuletea nyingine.*

28 Juni

Mvua imekwisha, Among ameniambia. Nimeandika kibao nikakitundika mlangoni: FUNDI HASIKII. SIMAMA MBELE YAKE. Levis amesema herufi ni mbaya, atanipigia rangi.

Mchana Benedetta aliomba aliendeshe mwenyewe mara moja, kutoka gereji hadi nyumbani kwetu, kabla halijapandishwa kanta kurudi Marachi. Nilitangulia kwa miguu. Nilipoona ule moshi mweupe unakata kona, niliingia uani nikainua mikono yote miwili, nikafukuza kuku njiani.